Vyombo vya Sauti vya Kujitengenezea: Kopo, Mrija, Chupa na Mbao Juu ya Mgomba

Maswali ni yale yale kila muhula. Mbona chupa yangu haitoi mlio hata nikipuliza mpaka kizunguzungu? Lazima ninunue vifaa vya maabara? Kwa nini mwenzangu akiongeza maji sauti inakuwa nene, mimi nikiongeza inakuwa nyembamba? Mwongozo huu unajibu kwa vitendo. Ni wa mwalimu wa P.5 (darasa la tano la msingi) hadi Senior Two (mwaka wa pili wa sekondari), wa mzazi mwenye watoto nyumbani wakati wa likizo, na wa mwanafunzi anayetaka mradi wa sayansi unaosikika, si mchoro wa sikio kwenye karatasi ya manila.

Vyombo ni sita. Vinne vya mwanzo ni vya dakika chache. Filimbi za bomba zinataka saa moja hivi. Mbao zinataka mchana mzima, na ndizo zenye elimu nyingi zaidi. Kama una nafasi ya kutengeneza kimoja tu, ruka hadi huko. Vyombo vya nyuzi kama endingidi (fidla ya uzi mmoja) na adungu (kinubi) tumeviacha makusudi, kwa sababu kuvifanya vizuri kunahitaji mwongozo wa peke yake.

Vya kuandaa

- Kopo la plastiki la mtindi na uzi wa pamba wa sentimita 50. Uzi wa nailoni haufai, na sababu utaiona.
- Mirija mitatu minne ya soda, ya plastiki. Ya karatasi hulowa mate na kulegea.
- Kizibo kimoja cha chuma cha chupa ya soda, na uzi imara wa mita 1.2.
- Chupa 6 za glasi za ml 300, zote za aina moja. Ziazime dukani pamoja na kreti yake.
- Bomba la sindano la ml 20 kutoka duka la dawa, bila ile sindano yenyewe. Ni la kupimia maji.
- Bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme ukutani, mm 20 kwa nje, urefu wa mita 1. Utahitaji pia gundi ya karatasi (ile ya utepe) na vipande vya boksi gumu.
- Mbao kavu ya inchi 2 kwa 1, urefu wa mita 2.5.
- Vigogo viwili vya mgomba vilivyokatwa karibuni, kila kimoja sentimita 60, na vijiti vyembamba 14 vya sentimita 15.
- Msumeno wa mbao, msumeno wa chuma, msasa, kisu kikali, nyundo, msumari, rula, penseli, chumvi.
- Simu yenye programu ya kupimia noti. Ziko nyingi za bure. Chagua inayoonyesha namba ya Hz, si herufi ya noti peke yake.

Nadharia, kidogo tu

Kila sauti ina kitu kinachotetemeka. Kikitetemeka mara nyingi kwa sekunde, sauti ni nyembamba. Kikitetemeka mara chache, ni nene. Hesabu hiyo ya mitetemo kwa sekunde ndiyo Hz. Sikio zima la kijana husikia takriban kuanzia Hz 20 hadi 20,000. Kupiga kwa nguvu zaidi hufanya sauti iwe kubwa. Hakuifanyi iwe nyembamba. Wanafunzi wengi huchanganya haya mawili, kwa hiyo kabla ya kuanza piga meza polepole, kisha kwa nguvu, uwaulize ni nini kimebadilika.

Sheria ya kazi yote: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, na uandike namba kabla ya kugusa kingine. Ukibadilisha urefu wa bomba na mpulizaji kwa pamoja, hujajifunza lolote.

1. Kuku wa kopo

1. Toboa tundu katikati ya kitako cha kopo kwa msumari.
2. Pitisha uzi wa pamba. Ufunge kwenye kipande cha njiti upande wa ndani ya kopo ili usichomoke, na sehemu ndefu ining'inie nje.
3. Lowesha kitambaa kidogo, ukikamue.
4. Shika kopo mkono mmoja, bana uzi kwa kitambaa karibu na kitako, kisha vuta kwa mikato mifupi kuelekea chini. Atalia kama tetea aliyetaga.

Sasa toa uzi kwenye kopo na uuvute vile vile ukiwa peke yake. Sauti karibu haipo. Uzi ni mwembamba, hauwezi kusukuma hewa nyingi. Kitako cha kopo ni kipana, kinaweza. Ngozi ya endingidi inafanya kazi hiyo hiyo. Nailoni ni laini mno: kitambaa kinateleza bila kunasa na kuachia, na kunasa na kuachia huko ndiko kunakotikisa uzi.

2. Mrija unaolia

1. Bana ncha moja ya mrija kwa meno au kwa rula, sentimita 2, mpaka ilale bapa.
2. Kata pembe zote mbili za ncha hiyo ili ibaki kama mkuki. Kila mkato uwe na urefu wa sentimita 1 hadi 1.5, na pande zote mbili zilingane.
3. Ingiza mrija mdomoni hadi midomo ipite mikato. Ndimi mbili za plastiki ziwe huru ndani ya kinywa.
4. Bana midomo kidogo na upulize kwa nguvu.
5. Ukishapata mlio, mwenzako akate mrija kutoka ncha ya mbele, sentimita 2 kwa mara, huku unaendelea kupuliza. Sauti itapanda kila mkato.

Kosa la kawaida ni kuweka midomo juu ya ndimi zenyewe: zimebanwa, haziwezi kutetemeka. Kila mtoto awe na mrija wake. Kupokezana mrija ni kupokezana mafua.

Watoto wengi hutumia bua la jani la mpapai badala ya mrija. Linafanya kazi, lakini utomvu wake huwasha midomo. Likate, lisimamishe utomvu uchuruzike, kisha ulioshe vizuri.

3. Kizibo kinachovuma

1. Ponda kizibo kwa nyundo juu ya jiwe hadi kiwe bapa kabisa. Kunja meno yote kwa ndani, kisha usugue ukingo kwa msasa mpaka usikate kidole.
2. Toboa matundu mawili, kila moja mm 4 kutoka katikati, pande zinazotazamana.
3. Pitisha uzi kwenye matundu yote mawili na ufunge ncha zake upate kitanzi.
4. Zungusha kizibo mara 20 hivi ili uzi ujisokote, kisha vuta na kulegeza, vuta na kulegeza.

Kadiri kinavyozunguka kasi ndivyo mvumo unavyokuwa mwembamba. Matundu yasiyo katikati hufanya kizibo kiyumbe na kusimama. Hiki ni chuma kinachozunguka kwa kasi: kiwe mbali na uso, na mtoto wa chini ya P.4 apewe kitufe kikubwa cha koti badala yake.

4. Chupa sita, majibu mawili

Hapa ndipo ule ubishi wa kuongeza maji unapoishia, kwa hiyo usiharakishe.

1. Panga chupa sita. Ya kwanza iache tupu. Nyingine tia ml 50, 100, 150, 200 na 250. Pima kwa bomba la sindano. Kukadiria kwa macho hakutoshi, maana chupa ina tumbo na shingo.
2. Kabla ya kugusa chochote, kila mwanafunzi aandike anachotarajia: ipi itatoa sauti nene zaidi?
3. Gonga kila chupa ubavuni kwa penseli, mahali pamoja kwa zote. Andika Hz.
4. Sasa puliza juu ya kila chupa. Weka ukingo wa mdomo wa chupa chini ya mdomo wako wa chini, na upulize pumzi nyembamba ivuke tundu hadi ukingo wa pili. Usipulize ndani. Andika Hz.
5. Linganisha safu mbili za namba.

Ukigonga, chupa yenye maji mengi ndiyo yenye sauti nene. Ukipuliza, chupa hiyo hiyo ndiyo yenye sauti nyembamba. Hakuna aliyekosea. Ukigonga kinachotetemeka ni glasi, na maji yanaiongezea uzito, kwa hiyo inakwenda polepole. Ukipuliza kinachotetemeka ni hewa, na maji yameipunguzia nafasi. Mwanafunzi akielewa hapa, ameelewa zaidi ya aliyekariri ukurasa mzima wa maelezo.

Usigonge kwa kijiko cha chuma, na usitie maji ya moto kwenye chupa baridi. Glasi hupasuka.

5. Filimbi za bomba

Bomba lililozibwa upande mmoja lina hesabu rahisi: urefu kwa mita = 346 ÷ (4 × Hz). Hiyo 346 ni kasi ya sauti hewani, mita kwa sekunde, joto likiwa digrii 25. Kuna wanaouliza kama mwinuko wa Kampala, ambao ni kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, unabadilisha hesabu. Haubadilishi. Kinachobadilisha ni joto: kasi ni takriban 331 ukijumlisha 0.6 kwa kila digrii. Asubuhi ya digrii 15 kule Kabale utatumia 340.

Urefu wa kukata:

- Hz 523: sentimita 16.5
- Hz 587: sentimita 14.7
- Hz 659: sentimita 13.1
- Hz 784: sentimita 11.0
- Hz 880: sentimita 9.8

1. Kata kwa msumeno wa chuma, wima kabisa. Mkato wa mshazari huvujisha hewa.
2. Sugua kingo zote kwa msasa. Mabaki ya plastiki ndani ya mdomo wa bomba huua sauti.
3. Ziba upande wa chini kwa kipande cha boksi gumu, ukizungushie gundi ya utepe mara tatu. Ukiziba kwa udongo au nta, kumbuka kwamba kizibo kinachoingia ndani kimekula urefu. Pima kuanzia uso wake.
4. Puliza kama ulivyopuliza chupa. Pasha bomba moto kwa pumzi mara chache kwanza, kisha usome simu.
5. Namba itakuwa chini kidogo ya ile uliyolenga. Ni kawaida: hewa inayotetemeka hutokeza nje ya mdomo wa bomba, kama nusu sentimita kwa bomba hili, na midomo yako inaongeza kidogo. Fungua boksi, sugua chini milimita 1 au 2, ziba tena, pima tena.
6. Zikilingana, zifunge pamoja kwa gundi ya utepe, midomo ikiwa kwenye mstari mmoja.

Punguza polepole. Plastiki ikishakatwa hairudi, na bomba lililopita kipimo litabidi ligeuzwe kuwa la noti inayofuata.

6. Mbao juu ya mgomba

Amadinda, marimba ya Buganda nchini Uganda, ina mbao 12, kwa desturi za mti wa lusambya, zikilazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba na kutenganishwa kwa vijiti. Wapigaji watatu hukaa pande mbili, wakigonga ncha za mbao. Mgomba haukuchaguliwa kwa sababu uko karibu tu. Ni laini na una maji. Hubeba ubao bila kuubana. Tutatengeneza ndogo ya mbao sita, inayotosha kucheza na kupima.

Mpango wake wa noti hugawa oktava (kutoka noti moja hadi ile ya Hz maradufu) katika hatua tano zinazokaribiana ukubwa. Kila ubao uwe na Hz za ubao uliotangulia mara 1.149. Kwa mbao zenye unene mmoja, hatua hiyo inapatikana kwa kukata kila ubao asilimia 93.3 ya uliotangulia:

- Ubao 1: urefu cm 45, alama cm 10.1 kutoka kila ncha
- Ubao 2: cm 42, alama cm 9.4
- Ubao 3: cm 39.2, alama cm 8.8
- Ubao 4: cm 36.6, alama cm 8.2
- Ubao 5: cm 34.1, alama cm 7.6
- Ubao 6: cm 31.8, alama cm 7.1

Angalia ubao wa 6: si nusu ya wa kwanza, ingawa sauti yake ni ya Hz maradufu. Kwa filimbi, nusu ya urefu hutoa maradufu ya Hz. Kwa ubao, nusu ya urefu ingetoa mara nne.

1. Chagua mbao kavu isiyo na fundo wala ufa. Igonge dukani: ikitoa mlio unaokaa kidogo, nunua, ikisema "du" na kunyamaza, bado ina maji. Kalitunsi (mkaratusi) iliyokauka vizuri inafaa. Mbao ya paini yenye mafundo inasumbua.
2. Kata kila ubao milimita 5 zaidi ya urefu ulioandikwa, ili upate nafasi ya kurekebisha.
3. Weka alama za penseli kwa vipimo vya hapo juu. Ni asilimia 22.4 ya urefu, na hapo ubao hautikisiki.
4. Hakikisha kwa chumvi. Laza ubao juu ya vitambaa viwili vilivyokunjwa chini ya alama, nyunyiza chumvi juu, gonga katikati taratibu mara nyingi. Chembe zitatembea na kujikusanya kwenye mistari miwili. Hatua hii usiiruke hata kama una haraka. Ndiyo inayowafanya wanafunzi waone sauti kwa macho.
5. Laza vigogo vya mgomba chini. Havitalingana sambamba: upande wa ubao mrefu viachane cm 24.8, upande wa mfupi cm 17.6, katikati hadi katikati.
6. Panga mbao, alama zikiangukia juu ya vigogo. Acha cm 3 kati ya ubao na ubao, na choma kijiti kwenye kigogo kila upande ili zisitembee. Kijiti kisimame wima bila kubana ubao.
7. Gonga ubao wa 1, simu ikiwa karibu kama cm 10. Piga mara kadhaa mfululizo. Mlio wa mbao ni mfupi na programu inahitaji muda wa kuunasa.
8. Zidisha namba hiyo kwa 1.149 upate lengo la ubao wa 2, na kuendelea. Ukianza na 500, malengo ni 574, 660, 758, 871 na 1,000.
9. Sauti ikiwa nene mno, kata ncha milimita 2 kwa mara. Ikiwa nyembamba mno, geuza ubao na uchonge upande wa chini, theluthi ya katikati, maganda membamba kwa kisu. Pima kila baada ya maganda machache.
10. Fimbo za kupigia ni vijiti vya mti mgumu, cm 30, unene wa kidole.

Kisha gonga ubao mmoja katikati, kwenye ncha, na juu ya alama kabisa. Kwenye alama utapata mgongano mkavu usio na mlio. Waache wanafunzi waeleze sababu wenyewe kabla hujasema.

Ikikataa

*Chupa au bomba linatoa upepo tu.* Pumzi yako ni pana au inaingia ndani. Kaza midomo, isogeze chupa juu na chini milimita kwa milimita mpaka ishike. Usiongeze nguvu, kizunguzungu ni ishara ya kupumzika.

*Simu inasoma 1,569 badala ya 523.* Umepuliza kwa nguvu mno na bomba lililozibwa limeruka hadi mara tatu. Puliza kwa upole.

*Namba zinarukaruka.* Kuna kelele. Ondoka karibu na barabara ya boda na jenereta, au subiri mapumziko yaishe.

*Mrija ulilia, sasa umenyamaza.* Ndimi zimeshikana kwa mate. Zipulize zikauke, zibane tena kidogo.

*Kuku analia kwa sauti ya kukwaruza.* Kitambaa kimelowa kupita kiasi au kimekauka. Kikamue, au ukiloweshe upya.

*Ubao mmoja hauvumi ilhali wengine wanavuma.* Angalia mambo matatu kwa mpangilio huu: kijiti kinaubana, alama zimehama kutoka juu ya kigogo, una ufa usioonekana. Ufa ukigundulika, tupa ubao huo, gundi haitausaidia.

*Mbao zote zimeshuka sauti baada ya mvua.* Zimenyonya unyevu na kuwa nzito. Zikaushe kivulini siku kadhaa kabla ya kuzirekebisha. Ukikata zikiwa na maji, zitapanda kupita kiasi zikikauka.

*Vigogo vimenywea na mbao zinagusana.* Mgomba huanza kusinyaa na kuoza haraka. Tafuta vigogo vipya kila unapotaka kupiga tena, na mbao uzifunge kwa mpangilio wa namba, uzihifadhi mahali pakavu ndani ya nyumba, si kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) lililofungwa.